Sumu Iko Kwenye Majani

Clifford Hepworth alijikojolea mbele ya wafanyakazi wake siku ya kwanza ya mavuno. Nalisema mapema, asije mtu akadhani kuna mambo ya kifahari humu ndani.

Alikuwa ameinama bandani kama wenzake wote, mshumaa mkono mmoja, mkono wa pili ukichomoa vikonyo vya rubabi, mmea mchachu unaopikwa kwa sukari kama tunda. Kazi hii hufanywa gizani. Rubabi ya majira ya baridi ikipigwa na mwanga inageuka kijani na ngumu, nani ainunue? Ikilelewa gizani, vikonyo vinatoka virefu, vyekundu, laini, na uchachu wake hata mtoto anauvumilia, mradi sukari iwepo. Ndiyo maana huku kwetu Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, tunaivuna kwa mishumaa, migongo imepinda kama ya watu wanaotafuta sindano iliyodondoka. Hakuna namna ya kuivuna umesimama.

Na kuinama ndiko alikokatazwa. Madaktari walikuwa wametoka kulisaga jiwe lililoziba figo yake, wakamwachia ndani kimrija cha plastiki, kutoka kwenye figo hadi kwenye kibofu, ili mkojo upate njia wakati uvimbe unapungua. Kimrija kile hakina adabu hata kidogo. Ukiinama kinakuchoma ubavuni. Ukicheka kinakuchoma. Ukitoka chooni sasa hivi, kinakwambia rudi.

"Bosi, nenda kapumzike," alisema Mihai, Mromania aliyesimamia wavunaji. "Sisi tutamaliza."

"Ngoja nimalize mstari huu."

Hakuumaliza. Watu walimsikia akiguna, wakaona mshumaa wake ukitikisika, na suruali ikabadilika rangi kuanzia mapajani hadi kwenye buti. Hakuna aliyecheka. Mihai aliupuliza mshumaa wake ukazima. Aliyekuwa karibu naye akaupuliza wake, na wa pili, na wa tatu, mpaka upande ule wa banda ukawa giza tupu, mtu asione kitu. Clifford akatoka akipapasa ukuta. Afadhali wangecheka, maana kicheko angekijibu kwa tusi yakaisha.

Mlangoni alimkuta mama yake, Winifred, mwanamke wa miaka themanini na ushei, kitambaa kichwani, chupa ya juisi nyekundu mkononi.

"Umekunywa?"

"Nimekunywa, Mama."

"Hujanywa. Chupa ya asubuhi nimeikuta vile vile."

"Mama, jamani, niache nikabadilishe suruali kwanza."

"Suruali ina miguu? Itakusubiri. Mgonjwa haulizwi uji. Kunywa."

Akanywa. Alisimama pale kwenye baridi, suruali imemganda miguuni, mtu mzima mwenye miaka hamsini na minane na mabanda manne, akanywa chupa nzima huku mama yake akimtazama koo.

Jiwe hilo lilikuwa la pili ndani ya mwaka mmoja, na hilo lisingekuwa neno kubwa kama Clifford angekuwa na figo mbili kama watu wengine. Alibakiwa na moja. Ile ya kushoto ilishakufa zamani, wakati alipovumilia maumivu msimu mzima akisema ni mgongo, mkulima gani hana mgongo. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Yeye kilimwonea huruma, kikachukua nusu. Daktari alimweleza waziwazi, mkewe Noreen ameketi pembeni: hii iliyobaki ikizibwa tena ukachelewa, utaishi kwa mashine ya kusafisha damu. Kunywa vitu vya majimaji kwa wingi, usingoje kiu. Kisha daktari akaitwa wodi nyingine, akaondoka na maelezo yake yaliyobaki mdomoni.

Basi familia ikajaza yale yaliyobaki.

Noreen aliposikia kwa jirani yake Beryl kwamba mawe ya figo ni chokaa, na chokaa imo kwenye maziwa, alipiga maziwa marufuku nyumbani. Jibini likaondoka. Kastadi, ule uji mtamu wa maziwa, ambayo katika nyumba ile ilimwagwa juu ya rubabi iliyopikwa tangu enzi za mababu, ikaondoka pia. Jioni alimtayarishia mumewe maji ya uvuguvugu ya kuoga, akamwekea mfuko wa maji moto ubavuni, akampa vidonge vyake kwa saa, na alipoona damu kidogo kwenye mkojo hakupiga kelele, maana aliambiwa kimrija huleta hayo na kwamba kinachotakiwa ni kunywa zaidi.

Kunywa kulikuwa idara ya Winifred. Tangu nyonga zilipomgomea hakuweza tena kuingia bandani, na kwa watu wa huku mzee asiyeingia bandani anabaki kuulizwa kama amekula, basi. Sasa alipata kazi. Alichemsha vikonyo, akachuja kwa kitambaa, akatia sukari, akajaza chupa. Mlango wa stoo haukufungika kwa chupa.

"Maji ya bomba yana nini?" aliuliza, na hakungoja jibu. "Hayana kitu. Hii ina nguvu. Hii ndiyo iliyowalea Hepworth wote."

Na Noreen, ambaye kwa miaka thelathini hakuwahi kukubaliana na mama mkwe wake hata juu ya chumvi, safari hii alikubali. Walikaa jikoni wawili hao wakimenya na kuchuja, wakitaniana, hata Clifford akasema kumbe ilibidi augue ndipo nyumba ipate amani.

Siku ya kutoa kimrija, hospitalini walipokewa na muuguzi anayeitwa Rukhsana, binti wa mji wa Bradford, mwenye maneno machache na mikono ya haraka. Kimrija kilikuwa kimeachiwa uzi kwa nje. Alimwambia Clifford avute pumzi, aitoe taratibu, na kabla hajamaliza kuitoa kitu kile kikawa kimeshatoka, kirefu kuliko alivyodhani.

"Pole. Leo na kesho ubavu unaweza kukubana. Mfuko wa maji moto, dawa ya maumivu, na kunywa. Ukipata homa au ukashindwa kukojoa, usingoje asubuhi, njoo. Wewe si mtu wa kungoja."

"Najua, dada. Nina moja."

"Na jiwe lenu limepimwa." Alivuta kiti. "Ni la oksaleti, chumvi moja inayotoka kwenye baadhi ya vyakula. Kwa hiyo nataka kujua unakula nini, unakunywa nini."

Clifford alitazama viatu vyake. Noreen ndiye aliyejibu, kwa fahari kabisa.

"Anakunywa vizuri sana. Chupa tatu kwa siku, na nne nikimsimamia. Juisi ya rubabi, mama mkwe wangu anatengeneza mwenyewe. Na maziwa tumeacha kabisa."

Rukhsana aliacha kuandika. Alimtazama Noreen, akamtazama Clifford, akarudi kwa Noreen kuona kama kuna utani.

"Juisi ya rubabi," alisema.

"Sisi ndio wakulima wenyewe."

"Na maziwa mmeacha."

"Kabisa."

"Bibi Hepworth, sijui niliseme vipi. Ukiniambia nitafute kinywaji kibaya kuliko vyote kwa mtu mwenye mawe ya aina hii, ningechagua hicho hicho."

Clifford alicheka. Kilimtoka tu, kicheko cha puani, akashika ubavu. "Dada, sumu ya rubabi iko kwenye majani. Hata mtoto wa miaka mitatu huku anajua. Majani tunayatupa."

"Majani yana chumvi hiyo nyingi ya kuua. Kikonyo kina chache, mwenye figo nzuri anakula na kastadi yake na hapati kitu. Lakini ni chumvi ile ile, na wewe umekuwa ukiinywa kwa chupa. Na maziwa, kama mngeyaacha mezani, yangeikamata tumboni kabla haijafika kwenye figo." Aliona uso wa Noreen ukibadilika, akashusha sauti. "Hukukosea kwa kutaka, mama. Hukuambiwa, basi. Sasa nakwambia. Maji. Maji mengi mpaka mkojo uwe mweupe, kamulia limau ukitaka. Chumvi ya chakula ipungue. Maziwa na jibini virudi wakati wa chakula. Chai kali apunguze. Na rubabi, hapana."

"Nimezaliwa bandani," alisema Clifford. "Nikawaambie watu nini? Kwamba nauza kitu nisichoweza kukila?"

"Waambie una figo moja," alisema Rukhsana.

Ndani ya gari Noreen hakuwasha injini. Alilia kidogo, kisha akajifuta kwa ukingo wa mkono wa koti na kusema wataanza leo leo, na kwamba mama lazima aambiwe kabla hajachemsha nyingine.

"Mama haambiwi," alisema Clifford.

"Wee! Haambiwi vipi?"

"Nitakuwa naimwaga. Nitapokea chupa, nitashukuru, nitaimwaga. Ana miaka mingapi tena ya kuishi? Mwache afe na furaha yake."

"Cliff, unamwogopa mama yako kuliko mashine?"

"Si kumwogopa." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeng'oa jino lake mwenyewe. "Baba alikufa kwa nini, Noreen?"

Noreen aligeuza shingo. Alimkuta mkwewe Stanley amekwisha kufa alipoolewa, na nyumba ile haikuwa na desturi ya kuongea. Alichojua ni kwamba alikuwa mgonjwa muda mrefu, amevimba miguu, na alikufa ana miaka hamsini na tatu.

"Figo," alisema Clifford. "Mawe, kisha figo. Nilikuwa kijana, lakini nakumbuka. Na nakumbuka nani alikuwa akimnywesha, na alikuwa akimnywesha nini. Mwishoni hakuweza kushika kikombe, mama alimshikia. Kila siku, Noreen. Kwa mapenzi yote. Sasa wewe nenda kamwambie rubabi inatengeneza mawe, halafu kaa pale umtazame akipiga hesabu."

Noreen aliwasha injini.

Basi uongo ukaingia nyumbani, ukawekewa kiti. Clifford alipokea chupa, akaimwaga nyuma ya banda, akanywa maji ya bomba kwa kujificha kama mlevi. Lakini Winifred hakuwa mjinga. Nusu karne ya kulea humfundisha mtu kutazama koo, na alipoona ardhi nyuma ya banda imetapakaa wekundu, kuanzia hapo aliacha kumpa chupa aende nayo. Akawa anamletea glasi, anasimama.

"Mbele yangu," alisema. "Umekuwa mtoto tena, basi nami nimekuwa mama tena."

Na Clifford, jamani, alikunywa. Mtu aliyemfukuza dalali wa soko kwa koleo alishindwa kumwambia bibi kizee hapana. Alikunywa Jumatatu, akanywa Jumanne, na Jumatano Noreen aliingia jikoni akakuta glasi iko mdomoni.

Aliichukua pale pale, akaimimina kwenye sinki.

"Ala!" alisema Winifred. "Una wazimu?"

"Mama, keti."

"Noreen," alisema Clifford.

"Nyamaza wewe. Mimi siendi kukaa pembeni ya mashine, nashika mkono wako, kwa sababu ya adabu." Alimgeukia mama mkwe wake. "Mama, rubabi ndiyo inayomtengenezea mawe. Kikonyo, si majani tu. Hospitali wamelipima jiwe. Tumekuwa tukimpa wenyewe, mimi na wewe. Mimi nilikuwa namhesabia chupa."

Winifred hakuketi. Rangi ilimpanda shingoni.

"Uliingia nyumba hii hujui kikonyo kinachomolewa vipi. Ulikuwa ukikivunja katikati, nani alikufundisha? Mimi. Leo unaniambia namuua mwanangu?"

"Sijasema hivyo, Mama."

"Umesema hivyo hivyo. Clifford! Mkeo anasema kweli?"

Clifford aliangalia sinki. Hilo lilikuwa jibu, na mama yake alilisoma.

"Ulimwaga nyuma ya banda," alisema taratibu. "Nilidhani ni ladha. Nikaongeza sukari." Kisha akavuta kitambaa chake kikae sawa. "Haya. Kipimo kijacho nakwenda mwenyewe. Nikasikie kwa masikio yangu."

Alikwenda amevaa koti lake la kanisani na bruchi, pini ya pambo, kifuani. Chumba kile kilikuwa kidogo, wakabanana, yeye kwenye kiti, Noreen amesimama mlangoni, Clifford juu ya kitanda amefunua tumbo kupigwa picha. Rukhsana alisogeza kifaa chake juu ya ubavu, akarudi nyuma, akasogeza tena mahali pale pale.

"Kuna chembechembe. Ndogo. Ama zilibaki kwenye kusagwa, ama zimeanza upya, siwezi kukwambia. Zikikuta maji mengi zinaweza kutoka zenyewe. Zikikuta kile kingine, zitakua."

"Kile kingine ni changu," alisema Winifred. "Nimekitengeneza mimi."

Rukhsana akaweka kifaa chini. Alimweleza yote upya, pole pole, bila kumdharau, kama mtu anavyomweleza mama yake mwenyewe: chumvi ile, maziwa, maji, kwa nini kikonyo hakimdhuru mtu huyu na kinamdhuru yule, na kwamba mwelekeo wa kutengeneza mawe mara nyingi hutembea kwenye ukoo. Winifred alisikiliza na mikono juu ya mkoba. Noreen alimwona akifika kwenye hesabu ile. Aliona kabisa neno ukoo likiingia, na macho ya bibi yakitoka kwa muuguzi kwenda ukutani, ambako hapakuwa na kitu.

"Nikuulize, mwanangu," alisema. "Mtu anayetengeneza mawe. Akinywa hiyo kila siku, miaka mingi. Anaumwa, halafu anaongezewa, kwa sababu anaumwa."

"Mama, twende," alisema Clifford. Alikuwa bado anafunga mkanda.

"Naongea na huyu."

Rukhsana alimtazama Noreen, na Noreen akatazama sakafu.

"Bibi, siwezi kusema juu ya mtu ambaye sikumpima. Figo zinaugua kwa mambo mengi. Shinikizo la damu, sukari, mengi. Na zamani hizo hata mahospitali hawakuwa wakiyajua yote haya."

"Sikukwambia kwamba ni zamani," alisema Winifred.

Akainuka, akakataa mkono wa Noreen, akamshukuru muuguzi kwa muda wake, na kumwambia ana mikono mizuri.

Jumapili Noreen alipika nyama ya kuoka na viazi, akarudisha na jibini mezani, akaweka jagi la maji katikati ambalo lilionekana kama mgeni. Winifred alishuka amechelewa. Tangu hospitali alikuwa hajasema zaidi ya ndiyo na hapana. Hakulia, au kama alilia alilia na mlango umefungwa. Mihai alikuwa amempelekea vikonyo vipya vya kuchemsha kama kawaida, asijue lolote, na vilinyaukia juu ya ngazi ya nyuma bila mtu kuvigusa. Stoo ilikuwa bado imejaa chupa, kwani Noreen hakuthubutu kuzitupa na Clifford hakuthubutu kuzitaja.

Walikula. Uma uligonga sahani. Winifred alikata nyama yake vipande vidogo vidogo, akaviacha.

Clifford alimtazama muda mrefu. Kulikuwa na kitu kimemkaa kifuani kibaya kuliko kimrija, na hakuwa mtu wa kujua maneno ya kukitolea. Alichojua ni kunywa. Akainuka, akaenda stoo, akarudi na chupa, akaifungua, akajimiminia glasi moja, nyekundu, hadi juu.

"Cliff," alisema Noreen.

"Mama, tazama huku," alisema. Alikuwa anajaribu kutabasamu. "Glasi moja haijawahi kuua mtu. Unanisikia? Haijawahi. Baba alikuwa na mambo yake, dada mwenyewe amesema, shinikizo, mangapi. Mimi nainywa hii mbele yako, kwa kuwa ni yako na ni tamu, na kesho utaniona nimesimama. Sawa?"

Akainua glasi.

Winifred alisimama. Wote wawili walijua nyonga zake haziwezi kusimama upesi namna ile. Alizunguka kona ya meza akijishikilia kwenye viti, akamshika mwanawe kifundo cha mkono, juisi ikaruka ikamwagika kwenye kitambaa cha meza na kwenye mkono wa gauni lake.

"Weka chini."

"Mama, ni kidogo tu, nataka tu ujue kwamba mimi sikulau—"

"Clifford," alisema, na hakumwachia mkono. "Mmoja nimeshamzika. Weka chini."

Aliiweka.